Lowa, mto ambao Goma haiuoni

Goma haina mto. Mgeni akiuliza mto wa mji uko wapi, tunamuonyesha ziwa. Mvua yetu inanyesha juu ya mawe ya volkano, inaingia katikati ya mawe, inapotea. Njo maana mtoto wa Goma anakua akijua kwamba maji ni kitu cha kubeba ndani ya bido ya njano, kutoka ziwani ao kwenye robine ikiwa siku hiyo robine inatoka.

Lakini kuko mto mmoja ambao unatulisha, hata kama hatuuoni. Viazi na maharagi ya soko la Virunga, fromaji ya Masisi, koltani na kasiterite inayojaa ndani ya depo zetu, sehemu kubwa ya vitu hivi inatoka kwenye vilima ambavyo maji yake yanatugeuzia mgongo. Yanakwenda magharibi, yanaingia msituni, na siye tunabaki na mizigo. Mto huo unaitwa Lowa. Mimi niko mtu wa sendika ya wachimbaji, nimepita miaka mingi kwenye machimbo ya huko, na nimeona kwamba wengi wanaojua bei ya kilo hawajui mahali maji ya kuoshea hiyo kilo yanaenda. Hata ile jografia tulifundishwa sekondari haikutusaidia sana. Tulichora mto Congo kwa kichwa, toka chanzo mpaka Banana, lakini mto wa teritwari ya jirani hakuna mwalimu aliyetuchorea.

Tuanzie juu. Upande wa magharibi wa Ziwa Kivu kuko mgongo mrefu wa milima unaotoka Masisi na kuteremka kusini mpaka Kalehe na kuendelea. Tufikirie mgongo huu kama nyumba ya mabati yenye pande mbili. Tone likianguka upande wa mashariki, linateremka kwa haraka kwenye Ziwa Kivu. Uso wa ziwa uko karibu metre 1,460 juu ya bahari, na milima iliyo juu yake inapita metre 2,000, pengine sana. Kati ya kilele na ziwa ni kilometa chache tu. Mito ya upande huu ni mifupi, mikali, haina nafasi ya kupumzika. Tuliona maana yake tarehe 4 mwezi wa tano 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe: mvua ya siku moja ilishusha mawe na udongo juu ya masoko na nyumba, na watu zaidi ya 400 wakafa. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Kilima kilichovuliwa miti hakikuweza kushika maji.

Tone likianguka upande wa magharibi, safari yake ni ingine. Linaingia kwenye kijito, kijito kwenye mto mdogo, mto mdogo kwenye Lowa, na Lowa inakwenda mamia ya kilometa mpaka Lualaba.

Kitu ambacho kinanishangaza kila mara nikiangalia karata ni hiki: matone haya mawili yanaweza kukutana tena. Lile la mashariki linakaa ndani ya Ziwa Kivu, linatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, linazungusha mashine za Ruzizi ya kwanza na ya pili ambazo zinatupa kurā (courant) kidogo tuliyo nayo, linafika Ziwa Tanganyika, linatoka kwa Lukuga pale Kalemie, linaingia Lualaba karibu na Kabalo, kisha linapita Kongolo, Kasongo na Kindu. Na mbele ya Kindu, kabla ya kufika Ubundu, mahali panapoitwa Lowa, linamkuta ndugu yake aliyeteremka moja kwa moja kutoka mgongo ule ule. Mmoja amezunguka nusu ya inchi, mwingine amekata msitu. Toka hapo wanakwenda pamoja, wanapita maporomoko saba kati ya Ubundu na Kisangani, na baada ya Kisangani mto unaanza kuitwa Congo. Kaskazini ya Goma ni habari ingine kabisa: mto Rutshuru unapeleka maji yake Ziwa Edouard, na kutoka kule yanakwenda Semliki, Ziwa Albert na Nile mpaka Misri. Kwa hiyo mkaaji wa Goma amesimama kati ya Nile na Congo, na bado anatafuta bido moja ya maji ya kuoga.

Turudi kwa Lowa. Kichwa chake kiko Masisi, kwenye baridi. Zamani vilima vile vilikuwa na msitu. Wakati wa ukoloni wakakata miti kwa ajili ya mashamba, na ng'ombe wakaingia. Baada ya uhuru, wakati wa zaïrianisation ya 1973, mashamba makubwa yakabadilisha wenye. Leo ukipanda kutoka Sake unaona majani ya kijani mpaka mbali, na wageni wanapiga picha wanasema inafanana na Uswisi. Ni vizuri kwa macho. Lakini majani ya malisho hayanywi mvua kama msitu, na pale ng'ombe wanapita kila siku njia inakuwa mfereji. Juu ya hiyo tumeongeza makala ya kupikia, miti ya kusimamisha mashimo, na machimbo yenyewe.

Kutoka hapo maji yanateremka Walikale. Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilometa 23,000 za mraba, karibu sawa na inchi nzima ya Rwanda, na sehemu kubwa ni msitu. Baridi inaisha, mvua inakuja karibu miezi yote, na mto unapanuka. Walikale-centre imejengwa kando ya Lowa. Kutoka kaskazini kunakuja mto Oso, ambao pia kichwa chake kiko Masisi. Hata sekta ya Osso-Banyungu imechukua jina lake hapo. Kutoka kusini, upande wa Kalehe, kunakuja Luhoho. Kisha Lowa inashika njia ya magharibi, chini kidogo ya ikweta. Angalia karata: Walikale-centre na mdomo wa Lowa viko karibu kwenye mstari mmoja, kama mtu aliyepima kwa kamba.

Watu wa bonde hili ni Wahunde juu, Wanyanga katikati ya msitu, Watembo, Wakano, Wakumu, na wengine waliokuja nyuma juu ya kazi ao juu ya vita. Wanyanga wana hadithi yao ndefu ya Mwindo, mtoto ambaye baba yake alimfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni ili afe. Hakufa. Hadithi hiyo iliandikwa kwa kuisikiliza kwa mzee Rureke na ikachapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969, na leo inasomwa kwenye iniversite za Marekani. Nasema hivi juu ya watu wanaofikiri kwamba Walikale ilizaliwa siku kasiterite ilionekana.

Sasa tuingie kwenye kazi yangu. Kwa nini machimbo yanafuata mito? Siyo bahati. Mto ndiye mchimbaji wa kwanza. Mvua inakula mwamba mlimani, inaubomoa kwa miaka maelfu, na maji yanabeba vipande. Maji hayabebi vitu vyote sawa. Mchanga wa kawaida una uzito mara mbili na nusu hivi kuliko maji, lakini kasiterite inafika karibu mara 7, koltani kati ya mara 5 na 8, na zahabu mara 19. Kwa hiyo mchanga unaendelea na safari, na kitu kizito kinakaa chini, nyuma ya jiwe, kwenye kona ya mto. Mchimbaji anayezungusha karai anafanya tu kwa dakika mbili kile mto umefanya tangu zamani. Wabelgiji walilijua. Watafuta-madini wao walipanda vijito wakiosha mchanga, hatua kwa hatua, mpaka kilima kilipojionyesha. Makampuni ya bati ya Kivu na Maniema yalianza namna hiyo, na mwaka 1976 yakaunganishwa kuwa SOMINKI.

Mwanzo wa miaka ya 1980 Mobutu aliruhusu watu wa kawaida wachimbe. Mwezi wa kumi 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na SOMINKI haikupona tena. Wazee waliofanya kazi humo wanakumbuka bado kantini, dispansere na mshahara wa mwisho wa mwezi. Siye tulikuja nyuma, bila kantini. Mwaka 2000 koltani ilipanda, watu wakaacha mashamba. Mnamo 2002 kasiterite ya Bisie ikaonekana katikati ya msitu wa Walikale, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa sana ya kasiterite ya jimbo ilitoka kilima kile kimoja. Vijana walibeba kilo 50 mgongoni kwa siku mbili ndani ya matope mpaka Njingala. Kutoka kule mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zinashuka juu ya barabara ya lami kwa sababu hakuna uwanja, na jioni mzigo uko Goma. Mwezi wa tisa 2010 Rais Kabila alifunga machimbo yote ya Kivu mbili na Maniema, ikafunguliwa mwezi wa tatu 2011. Miezi ile sita watu wa kule waliijua njaa vizuri. Leo Bisie ni mgodi wa mashine, unafanya kazi tangu 2019, na mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati.

Sitaandika hapa nani anakamata kilima gani. Msomaji wa Goma anajua, na kesho inaweza kubadilika. Walikale-centre ilichukuliwa mwezi wa tatu 2025 na ikaachwa mwezi wa nne. Lowa ilipita katikati siku zote zile bila kuombwa barakoa wala karatasi.

Hesabu ya kilo tunaifanya vizuri sana. Kila mfuko una etiketi, kila etiketi ina nambari, nambari inaandikwa kwenye kitabu. Lakini ili upate kilo moja ya kasiterite safi, umechimba na kuosha udongo mara nyingi kuliko hiyo kilo. Ule udongo mwingine hauna etiketi. Unakwenda na maji. Katika miezi ya mvua unaweza kusimama mahali vijito viwili vinakutana na kuona rangi mbili zinatembea pembeni moja na ingine: mmoja mweusi na safi, kama maji ya msitu yalivyo, mwingine mwekundu kama chai ya maziwa. Baada ya metre mia kadhaa ni rangi moja tu, nyekundu.

Wengi wanasema: ni udongo tu, siyo sumu. Ni kweli kwamba kuosha kasiterite na koltani hakuhitaji zebaki. (Zahabu ni kesi ingine. Kwenye machimbo ya zahabu zebaki inatumika, na zebaki ikiingia mtoni inaingia kwa samaki, kutoka kwa samaki inaingia kwa mtoto ndani ya tumbo la mama.) Lakini udongo peke yake unatosha kuua kijito. Jua haliingii tena ndani ya maji, mayai ya samaki yanafunikwa, kitanda cha mto kinapanda. Mto ambao kitanda chake kimepanda, mvua ikija unatoka njiani mwake na kuingia shambani mwa mtu. Kule msituni ni wanawake wanaovua kwenye vijito: wanaziba sehemu, wanatoa maji kwa sahani, wanaokota samaki wadogo na kaa. Chakula hicho hakiandikwi kwenye kitabu chochote cha uchumi. Mama akikosa hicho, atanunua samaki wa chumvi, na atanunua kwa pesa ya mume anayechimba. Kwa hiyo mshahara wa mchimbaji unapungua bila mtu kuukata.

Na mchimbaji mwenyewe anakunywa wapi? Pale pale. Kila chimbo nililoishi, kambi iko chini ya shimo, na kijito cha kuoshea, cha kufulia, cha kupikia ni kimoja. Kipindupindu kikiingia tunasema ni laana ao ni wageni.

Sheria inagawanya inchi kwa kare. Kare moja ya madini ni hekta 84.955, na mistari yake inakwenda kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, safi kama daftari ya hesabu. Mwenye permi anajua mwisho wake. Maji hayajui. Pesa nayo inafuata kare. Code minier ya 2018 inasema redevance igawanywe: asilimia 50 kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya mahali mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kuweka angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya jamii zinazoguswa na mradi. Neno ni hilo: zinazoguswa. Ukiuliza kwenye mikutano ni jamii gani, watakuonyesha vijiji vinavyozunguka mgodi, vile vinavyosikia kelele ya mashine. Kijiji kilicho chini ya mto, kwenye sekta ingine, ambacho kinasikia tu rangi ya maji, hakimo kwenye orodha. Mimi naona ungeanza na mto. Ungeshuka nao mpaka pale maji yanakuwa safi tena, na kila kijiji ulichopita kingekuwa kimeguswa. Sheria ya maji, nambari 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 2015, tayari inafikiri maji kwa bonde, si kwa mpaka wa teritwari. Sheria mbili za inchi moja, na hazijakaa bado kwenye meza moja.

Lakini sendika haiwezi kungojea Kinshasa, na wala siye wachimbaji wa mkono hatulipi redevance ile. Tope letu ni letu. Nilipoanza kuongea habari ya mashimo ya kutulizia tope kwenye mkutano mmoja, PDG wa shimo (kwetu mkubwa wa shimo anaitwa PDG, hata kama hana viatu) alisimama akaniambia: «Siye tunatafuta chakula ya watoto, wewe grand unatuletea mambo ya samaki.» Watu wakacheka. Alikuwa na haki. Mtu mwenye deni ya mafuta ya pompe hawezi kusikia habari ya samaki wa Lubutu ao wa Ubundu.

Njo nikabadilisha maneno. Tulichukua tope lililokuwa linatoka chini ya mfereji wa kuoshea, lile ambalo kila mtu anaacha liende, tukaliacha litulie ndani ya shimo usiku mzima, asubuhi tukaliosha tena polepole. Ndani yake mlikuwa na kasiterite laini, unga mweusi. Ilikuwa nyepesi mno kushikwa na mfereji wenye maji ya kasi, kwa hiyo kila siku ilikuwa inakwenda zake na mchanga. Haikuwa nyingi. Lakini ilikuwa kilo, na kilo inasikilizwa.

Kazi yenyewe si ya injinia. Unachimba mashimo matatu yanayofuatana chini ya mfereji, kila moja chini kidogo ya lingine. La kwanza linashika mchanga, unaanguka kwa dakika chache. La pili linashika tope zito. La tatu linabaki na udongo laini ambao unahitaji masaa, na maji yake yanatoka juu polepole kupitia majani uliyoyaacha bila kukata. Tope unalolitoa usilitupe kando ya kijito, mvua ya jioni itairudisha yote. Lipeleke juu, kwenye shimo la zamani lililokwisha. Na maji ya shimo la tatu unaweza kuyarudisha kwenye mfereji kwa pompe ao kwa ndoo. Hapo ndipo PDG yule alibadilika kabisa, kwa sababu kule Masisi mwezi wa sita mpaka wa nane vijito vinakauka na kazi ya kuosha inasimama, watu wanakaa kambini wakila deni. Yule aliye na mashimo matatu anaosha bado.

Si machimbo yote yanakubali. Pale kilima ni kikali hakuna nafasi ya mashimo matatu. Likipasuka moja linamwaga yote kwa mara moja juu ya walio chini, na hiyo ni hatari kuliko tope la kila siku. Pale mashimo yanapangwa na mtu wa bunduki, hakuna anayejenga kitu cha kudumu. Na kuko koperative ambazo zinajua, zina karatasi nzuri, lakini zinafanya mashimo siku ya kutembelewa tu.

Kwa sasa kwenye chimbo lile tumeandika kwenye daftari ya koperative mambo mawili: choo kisijengwe juu ya mahali pa kuteka maji, na hakuna mtu kuosha mahali pengine isipokuwa juu ya mashimo yale matatu. Faini ni kilo moja, inawekwa kwa ajili ya pompe. Tangu mvua zianze zimelipwa kilo nne.